Karatasi Yenye Mistari Mingi

Naandika haya kwa mama ambaye mtoto wake amemwambia, "Mama, naacha kazi ya kuajiriwa, naingia kwa wakala, kule wanalipa kwa saa." Usishangilie kwanza. Na tafadhali usichukue kalamu. Mimi nilichukua kalamu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jikoni kwangu hapa Coventry. Mwanangu Fintan ni fundi umeme. Ana miaka thelathini na minne, anakaa nami ili aweke akiba ya nyumba. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwa Bwana Hegarty, mtu wa kwetu Donegal, mwenye kampuni ndogo ya mafundi sita. Kwa Hegarty alikuwa anabaki na pauni mia sita kwa wiki mkononi, na gari la kazi, na likizo yenye malipo. Sasa wakala wa kutafutia watu kazi alikuwa amempigia simu. Kuna hospitali inajengwa, wanatafuta mafundi, pauni ishirini na sita kwa saa.

"Saa ngapi kwa wiki?" nikamuuliza.

"Arobaini."

Shule mimi niliishia darasa la sita, lakini masista walitufundisha kuzidisha kwa fimbo, na kuzidisha hakujanitoka mpaka leo. Niligeuza bahasha ya bili ya gesi, nikapiga hesabu nyuma yake. Elfu moja na arobaini.

"Elfu moja na arobaini kwa wiki, Fintan! Toa kodi kidogo..."

"Kodi si kidogo, Mama."

"Basi toa kodi kubwa. Zitabaki mia nane na kitu. Huyo Hegarty amekunyonya miaka yote hii."

"Si Hegarty. Na kuna jambo lingine, mshahara utapitia kampuni ya mwavuli."

"Mwavuli wa nini? Kazi si iko ndani?"

Akacheka. Akanieleza kwamba wakala hataki kuwa mwajiri wake, na wenye hospitali hawataki, kwa hiyo inawekwa kampuni katikati. Kampuni hiyo inakuajiri kwenye karatasi, inapokea pesa kwa wakala, inakata vya kukatwa, halafu inakulipa.

"Na yenyewe inakula ngapi?"

"Pauni ishirini na tano kwa wiki."

"Hiyo si kitu. Mpigie Hegarty umuage."

Akampigia, akaaga. Jumapili yake, baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia, nilitangaza. Sikunong'ona. Nilimwambia Concepta, rafiki yangu wa miaka thelathini ambaye tunapishana nyumba nne, nikamwambia na Bernie aliyekuwa anamimina chai, na wote waliokuwa kwenye foleni ya biskuti wakasikia. Elfu moja na arobaini kwa wiki. Kodi sikuitaja.

"Nuala," Bernie akasema, "mwanao anafunga nyaya au anachapisha noti?"

"Anafunga nyaya. Alikuwa anafungia bahili, sasa anafungia watu wanaojua thamani yake."

Bahili mwenyewe alikuwa amekaa meza ya nyuma na mkewe. Nilimwona. Niliongeza sauti.

Ijumaa ya pili karatasi ya mshahara ikaja. Fintan aliniwekea mezani, akaenda kuvua viatu. Juu kabisa iliandikwa elfu moja na arobaini, kama nilivyozidisha. Chini yake ikaanza mistari. Nilihesabu mistari kumi na mmoja, na kila mstari unapunguza. Gharama ya kampuni. Bima ya taifa, sehemu ya mwajiri. Tozo ya mafunzo ya vijana kazini. Pesa ya likizo iliyowekwa kando. Halafu ndipo linaanza neno mshahara, na chini yake kodi, na bima ya taifa tena, safari hii sehemu ya mfanyakazi. Mwisho kabisa: mia sita arobaini.

"Wamekuibia," nikasema.

"Sijui, Mama. Nimewapigia, kuna mama mmoja ananieleza vizuri, ila nilikuwa juu ya ngazi. Amesema atapiga tena."

Simu ilipolia nilimnyang'anya Fintan mkononi.

"Mwanangu mmempeleka wapi pesa zake mia nne?"

"Bibi, habari za jioni," yule mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya muuguzi. "Ile ishirini na sita haikuwa mshahara wa Fintan. Ni pesa ambayo wakala anatulipa sisi kwa kazi yake. Mwajiri wake sasa ni sisi, na mwajiri ana kodi yake ya kulipa serikalini. Inatoka humo humo."

"Kodi yenu mnamkata yeye?"

"Haina pengine pa kutoka, bibi. Mwajiri wake wa zamani pia alikuwa anailipa, ila Fintan alikuwa haioni. Na ilikuwa kwenye karatasi ya maelezo aliyopewa kabla ya kusaini. Kuna mfano kabisa wa hesabu. Ukitaka naweza kukupitisha mstari kwa mstari."

"Mistari yako baki nayo," nikamwambia, nikakata.

Fintan alikuwa ameegemea mlango na soksi zake. "Umemtukana mtu pekee aliyenieleza kitu."

"Mwizi mwenye adabu ni mwizi vilevile."

"Sasa karatasi ya maelezo ninayo. Sikuisoma." Akakuna kichwa. "Mia sita arobaini, gari sina, mafuta yangu, vifaa vyangu. Nadhani nimpigie Hegarty. Hajapata mtu bado."

Mama mwenzangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema, "Mpigie," neno moja tu, na nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini nilimwona Bernie na birika lake. Niliiona ile foleni ya biskuti.

"Urudi kwa Hegarty mbele ya watu wote niliowaambia? Utanitembeza uchi."

Hakumpigia.

Wiki mbili baadaye fundi mwenzake mmoja pale hospitalini akampa namba ya kampuni nyingine ya mwavuli. Kwenye tangazo lao waliandika kwamba unabaki na asilimia themanini na tano. Hesabu yake ni pauni mia nane na themanini kwa wiki. Nilipoisikia nilisimama. Ilikuwa karibu kabisa na ile ya nyuma ya bahasha yangu. Niliona kama haki imetendeka: wa kwanza alikuwa mwizi, huyu ni mkweli, na bahasha yangu ilikuwa sahihi.

Mkataba ulikuja kwenye simu ya Fintan. Alikaa mezani akausoma wote, maana safari hii alikuwa ameapa kusoma.

"Wanasema watanilipa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria. Huo utakatwa kodi. Kinachobaki watanipa kama mkopo."

"Mkopo wa kulipa lini?"

"Nimewauliza. Wanasema haulipwi."

"Haulipwi kabisa?"

"Ndivyo alivyosema huyo kijana wa kampuni. Kasema kila mtu anafanya, na mwanasheria wao ameidhinisha." Akaweka simu chini. "Mama, mkopo gani huo haulipwi?"

Mtu wa darasa la sita anajua mkopo ni nini. Baba yangu alikopa mbegu za viazi kwa jirani, na zilipokomaa nilikuwa nabeba magunia ya kurudisha mimi mwenyewe, mgongo ukiniuma. Nilijua. Sitaki mtu aseme maskini Nuala hakusoma, hakuelewa. Nilielewa, nikajibu hivi:

"Kama haulipwi, basi jina lake ni zawadi. Saini, chai inapoa."

Akasaini.

Karatasi ya kampuni hiyo ilikuwa na mistari miwili tu. Safi, nyeupe, inasomeka hata bila miwani. Mshahara mdogo na kodi ndogo. Pesa nyingine iliingia benki siku hiyo hiyo kwa jina la kampuni tofauti, ambayo wala hatukuisikia kabla. Niliichukua ile karatasi nikaenda nayo ukumbini Jumapili, ndani ya mkoba, nikamwonyesha Concepta. "Tazama," nikamwambia, "mtu mkweli hana maneno mengi."

Concepta ana binti mmoja, Orla. Nimemjua Orla toka yuko kwenye gari la kusukumwa. Ni mwalimu. Alikuwa ameacha shule aliyoajiriwa kwa sababu ya uchovu, akawa mwalimu wa muda, leo shule hii kesho ile, kupitia wakala, na mshahara wake unapitia kampuni ya mwavuli ya zile zenye mistari mingi.

"Orla analia kila Ijumaa," Concepta akaniambia. "Anasema aliambiwa mia na sitini kwa siku, haoni hata mia na kumi."

"Mwambie ahame. Nitakupa namba."

Sasa hapa nataka niwe mkweli. Kwenye karatasi ya kumkaribisha waliyomtumia Fintan palikuwa na mstari wa chini: anayemleta mwenzake anapata kadi ya zawadi ya pauni mia mbili na hamsini, ya kununulia dukani. Mstari huo niliusoma. Nilimwambia Orla, akipiga simu, aseme ametumwa na Fintan, na ataje anwani yetu. Alisema hivyo. Baada ya mwezi bahasha ikaja ina jina la Fintan. Fintan alikuwa kazini. Niliifungua. Nilinunua zulia la ngazi, maana la zamani lilikuwa limetoboka, na Fintan alipouliza nikasema nilikuwa na akiba yangu.

Sikumwambia yeye. Sikumwambia Orla. Na Concepta ndiyo kabisa, maana alikuwa ananishukuru. Kila nikipita ananikatia kipande cha mkate wa soda. Akaenda mpaka kwa padri akalipia misa ya kuiombea nyumba yangu, akaniletea ile kadi ya misa yenye sahihi ya padri. "Umemtoa mtoto wangu kwenye machozi," akasema, akanikumbatia mlangoni. Kadi hiyo niliiweka kwenye rafu iliyo juu ya meko ya kuotea moto, kwa sababu ndiko zinakowekwa, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nafuta vumbi kuizunguka bila kuisoma.

Miezi kumi na minne tangu Fintan asaini, Jumamosi, bahasha ya kahawia ikaanguka mlangoni. Nchi hii kila mtu anaijua bahasha ya kahawia. Hata mbwa wa jirani nadhani anaijua. Fintan aliisoma amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi.

"Watu wa kodi," akasema. "Wanasema ule mkopo si mkopo, ni mshahara. Kodi yake haikulipwa."

"Basi waidai kampuni."

"Wananidai mimi, Mama. Ni mimi niliyepokea."

Alipiga simu kwa kampuni. Simu haikuita hata mara moja. Jumatatu alichukua ruhusa, akawapigia watu wa kodi, akangoja dakika hamsini akisikiliza muziki, na mimi nimekaa mbele yake kama mshtakiwa mwenzake. Mtu aliyempokea alikuwa mwungwana, hakumkaripia. Kufikia jioni alikuwa na hesabu: elfu saba na mia nane, pamoja na riba, na inaweza kupanda. Ni sehemu ya akiba ya nyumba yake, miaka miwili ya kujinyima. Aliamua siku hiyo hiyo. Atatoka kwenye ile kampuni, atarudi kwa ile ya mwanzo, atawalipa watu wa kodi kidogo kidogo. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Kuna mtu mwingine tulimwambia kuhusu hawa watu? Ni bora ajue mapema. Kila wiki anayokaa, deni linakua."

Nilikuwa nasuuza kikombe. Kilikuwa kimekwisha kuwa safi, nikaendelea kukisuuza.

"Hapana," nikasema.

Nilitaka siku mbili tu za kujipanga. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini kesho yake, Jumanne, Concepta alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka bila kutazama magari, kama kawaida yake.

"Nuala! Ijumaa, saa sita mchana! Orla anabadilishana mikataba ya kununua nyumba!"

"Nyumba gani?"

"Ile ya Earlsdon, yenye mlango wa kijani. Elfu kumi na nane anaweka, kila senti aliyo nayo, na benki inampa iliyobaki. Wakishabadilishana Ijumaa hakuna kurudi nyuma, ukijitoa wanakula pesa yako. Mimi nasema ajitoe aende wapi? Utakuja tunyunyize maji ya baraka?"

"Nitakuja," nikasema.

Nikaingia nyumbani nikakaa na koti. Orla alikuwa na miezi kumi ndani ya ile kampuni. Bahasha yake ya kahawia haijafika, lakini ipo njiani, kwa sababu sheria ni moja. Elfu nne, elfu tano, labda zaidi. Akishaweka kila senti kwenye nyumba, atawalipa watu wa kodi kwa pesa gani? Nikimwambia kabla ya Ijumaa, nyumba inaondoka. Nisipomwambia, inabaki mpaka bahasha ifike, halafu sijui. Na kumwambia ni kumwambia yote, maana swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili litakuwa: wewe ulijuaje, na ulipata nini?

Jioni ile ile ya Jumanne nilikwenda kwa Concepta nikiwa nimekariri la kusema. Alikuwa ameoka keki. Akaniwekea kipande kikubwa, akanionyesha picha za nyumba kwenye simu, chumba kwa chumba. "Hapa atalala mjukuu wangu."

"Orla ana mimba?"

"Hana hata mchumba. Lakini chumba kipo!" Akacheka mpaka akashika ubavu.

Nilikula keki yote, nikaomba na kipande kingine, ili mdomo uwe na kazi. Nikarudi nyumbani.

Jumatano alibisha hodi nikajificha nyuma ya pazia, mwanamke wa miaka sitini na saba, nimebana pumzi kama mtoto aliyevunja kioo. Akaniachia mkate mlangoni. Ule mkate sikuweza kuuingiza ndani mpaka mvua ilipoanza.

Alhamisi saa kumi na nusu, saa ambayo Orla hutoka shule, nilivaa koti nikaenda. Sikuwa nimekariri kitu. Walikuwa jikoni wote wawili, Orla bado ana kitambulisho cha shule shingoni.

"Karibu shangazi," Orla akasema. Ananiita shangazi tangu alipoanza kusema. "Umekuja kunipa ushauri wa mapazia?"

"Usibadilishane hiyo mikataba kesho."

Concepta akaweka birika chini. "Nuala, una homa?"

Nikasema. Bahasha ya kahawia, mkopo usio mkopo, elfu saba na mia nane. Nikasema simu ya kampuni haiiti tena. Orla alichukua simu yake akaijaribu hapo hapo, tukasikia wote watatu kile kimya. Akaiweka mezani taratibu.

"Fintan amejua lini?"

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi," Concepta akasema. "Jumanne ulikaa kiti hicho ukala keki."

"Nilikuja kusema, nikashindwa."

"Vipande viwili hukushindwa."

Orla alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye bado hajamaliza kusema.

"Shangazi," akasema polepole. "Nilipojiunga uliniambia nitaje jina la Fintan. Ulilipwa?"

Mwanamke unaweza kuishi miaka sitini na saba ukidhani aibu unaijua. Niliwahi kuona aibu ya kutoelewa barua ya benki. Niliwahi kuona aibu ya viatu. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilinishika shingo kwa nyuma.

"Nililipwa," nikasema. "Kadi ya mia mbili na hamsini. Fintan hajui."

Concepta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alichukua kikombe changu kilichokuwa kimejaa, akakimwaga kwenye sinki, akasimama ametugeuzia mgongo. "Nilikulipia misa," akasema, akilitazama dirisha.

Nilishika mkoba nitoke. Lakini Orla alikuwa amekaa chini, mikono usoni, na nilifikiri anaililia nyumba. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa makavu.

"Mimi nimewaleta wawili," akasema.

"Wawili nini?" mama yake akageuka.

"Walimu wawili. Hannah, na Tomos, yule mpya wa hesabu. Niliwaambia wahamie. Nilipata kadi mbili." Akavua kitambulisho shingoni. "Mkewe Tomos amejifungua mwezi uliopita. Sikumwambia kuhusu kadi. Niliona ni kitu kidogo."

Halafu Orla akanyanyuka akaenda koridoni kumpigia mwanasheria wake wa nyumba, na tulimsikia akisema, "Simamisha. Ndiyo, ya kesho. Nitaeleza. Hapana, sijui kwa muda gani." Ile nyumba ya mlango wa kijani, nikuambie tu, wenyewe walingoja wiki tatu, wakauzia watu wengine. Orla yuko chumba chake cha utotoni, na kila mwezi anawalipa watu wa kodi.

Nilimwambia Fintan mezani, wakati wa chakula. Alisikiliza mpaka mwisho uma ukiwa hewani.

"Jumatatu nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanitazama usoni ukasema hapana."

"Sikukutazama. Nilikuwa natazama kikombe."

Akaweka uma chini, akavaa koti, akaenda kwa akina Concepta. Alikaa huko muda mrefu. Aliyoyasema huko mpaka leo sijayauliza.

Basi, mama mwenzangu, yenye faida ni haya machache. Pesa ya saa anayotajiwa mtoto wako na wakala siyo mshahara, usiizidishe. Mwambie adai ile karatasi ya maelezo, atazame mfano wa chini, kinachobaki mkononi, ndicho akilinganishe na kazi yake ya zamani pamoja na likizo na gari. Karatasi yenye mistari mingi inakera, lakini kila mstari una jina, na jina unaweza kuliuliza. Ukiona karatasi ya mistari miwili na pesa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma, inaitwa mkopo, inaitwa malipo ya awali, inaitwa sijui nini, mtoe mtoto wako humo siku hiyo hiyo. Na ukiona unalipwa kumleta mwenzako, jiulize anayekulipa anaitoa wapi.

Kwa Concepta sijui niseme nini. Misani anakaa upande wa kushoto sasa, mimi nimebaki upande wetu wa zamani.

Ijumaa ile, saa ile ile ambayo tungekuwa tunanyunyiza maji ya baraka, Orla alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa koti, ufunguo wa gari mkononi.

"Nimempigia Hannah, amenikatia simu," akasema. "Kwa Tomos siwezi kupiga simu. Leo hana zamu shuleni, nakwenda nyumbani kwake. Na wewe unakwenda na mimi."

"Mimi hanijui, Orla."

"Ndiyo maana. Utaanza wewe. Utasema ulivyoanza, halafu mimi nitasema nilivyofuata."

Nyumba ya Tomos ni ya kupanga, mlangoni kuna gari la kusukumia mtoto limefunikwa nailoni kwa ajili ya mvua. Orla alibonyeza kengele akarudi hatua moja nyuma, nikabaki mbele mimi. Kijana akafungua, mrefu, ana ndevu chache, mtoto kamlaza begani na kitambaa chini ya mdomo wake. Alipomwona Orla uso ukamchanua.

"Orla! Ingieni, ingieni, mvua hiyo." Akanitazama na mimi, akacheka. "Huyu naye umekuja kumwandikisha? Usiogope, mama. Mimi mwezi huu nimebaki na pesa ambayo sijawahi kubaki nayo."

Orla alinigusa kiwiko.

"Mwanangu," nikamwambia, "mpe mkeo mtoto kwanza, ukae. Mimi naitwa Nuala. Ile namba uliyopewa ilitoka kwangu, na nililipwa kuitoa."